Kwa Nini Nililing'arisha Gari Siku ya Tatu

Mwanangu Saumu,

Assalaam alaykum. Babu yako wa Mkange alipoandika barua alimaliza ukurasa mzima akiuliza hali za watu, mbuzi na mashamba kabla hajafika kwenye neno lenyewe. Mimi sina haja hiyo. Hali yako naijua: leo asubuhi tumekunywa uji wa sufuria moja na hukunitazama usoni. Hali yangu nawe unaijua, na ndiyo inayokukasirisha.

Naandika sasa, baada ya Alasiri, kwa kuwa umekwenda Bagamoyo kuagana na shangazi yako na nyumba imetulia. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Ningependa kusema kwa mdomo, lakini jana nilijaribu ukaona mwenyewe. Nilifungua kinywa nikwambie jambo zito, nikajikuta nakuuliza kama umeshayapiga pasi madira yako. Ukanitazama, ukaondoka.

Nayarudia maneno yako ya jana ili ujue niliyasikia. Ulisimama mlangoni mwa chumba hiki ninachokalia eda ya baba yako, ukasema: "Mama, mimi Arusha siendi. Siwezi kukuacha hivi. Kwanza uniambie kwa nini uliling'arisha gari la baba siku ya tatu, watu wamejaa matangani. Halafu nikuone umelia, hata mara moja. Hapo ndipo nitajua nimeacha mtu nyumbani."

Basi la Arusha ni kesho. Yule mwenye karakana ya magari ya watalii amekusubiri tangu msiba, na juzi kasema hasubiri tena. Usipofika atamchukua mwingine. Kazi hiyo umeipata kwa mikono yako, siku ile aliyopita hapa Kerege akakupa mlango mmoja tu wa gari lake uusafishe mbele yake, akaukagua, kisha akakuita Arusha. Sitaki uipoteze kwa sababu ya macho yangu makavu. Kwa hiyo nina mambo mawili ya kujibu. La kwanza naliweza. La pili siliwezi, na nitakueleza hivyo hivyo kwamba siliwezi.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, kufunga mlango, na baridi ya huko. Shangazi yako hapo alipo anakumiminia hayo kwa ndoo. Mimi nitakuandikia habari za waksi. Ndiyo kazi unayoiendea, na tena ukiniuliza makosa yangu makubwa katika nyumba hii, karibu kila moja lina chupa ya waksi pembeni yake.

Nilipoolewa nikaletwa Kerege sikujua kwamba gari huoshwa. Kwetu gari lilipita, vumbi likapanda, vumbi likashuka, basi. Baba yako alikuwa na banda la makuti kando ya barabara, ndoo zake, matambara yake na kile kisima cha maji ya chumvi. Maji yale ukiyaacha yakaukie kwenye bodi ya gari yanaacha madoa meupe yasiyotoka, kwa hiyo alikuwa akiosha kwa maji ya kisima na kusuuza kwa maji baridi ya kununua. Kisha anapaka polishi ya kopo na kusugua mpaka bega linakataa. Nilimsaidia kusugua na wewe uko mgongoni.

Ilipoingia waksi ya kupuliza niliona Mungu ametukumbuka. Unapuliza, unafuta, gari linang'aa kabla chai haijapoa. Mimi kitu chepesi nakipenda, sikatai. Baba yako aliitilia shaka. Alisema kitu kinachokuja upesi huondoka upesi, na ni kweli, polishi ya kopo ilikuwa inakaa, lakini hii ikipigwa na mvua kadhaa na jua la hapa petu imekwisha, lazima uirudie. Lakini nilimshinda kwa maneno kama nilivyozoea, akanunua.

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliipuliza kila mahali. Nilidhani kinachofaa mlango kinafaa kila kitu. Alikuja mzee mmoja mwenye pikapu, anatoka Dar anakwenda Mkange, nikafurahi kupata mtu wa kwetu, nikamfanyia na kioo cha mbele kwa heshima ya pekee. Njiani mvua ikamnyeshea. Kesho yake alirudi akasimama katikati ya banda.

"Nani kanipaka mafuta kwenye kioo?"

"Shikamoo baba. Si mafuta, ni waksi, ili king'ae."

"Marahaba. Kimeng'aa! Nimetoka hapa mpaka Msata kichwa kiko dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Waipa zikipita zinapaka ukungu tu. Mnataka kuniua, watoto wa watu?"

Baba yako alimwomba radhi, akakisafisha kile kioo mwenyewe, na mbele ya mgeni hakunisema. Jioni ndipo aliponiambia kwamba kioo hakiwekwi king'ae, kinawekwa mtu aone. Shika hilo. Na breki, na usukani, na tairi, na kiti cha pikipiki, usivipulizie. Ya kiti cha pikipiki muulize mjomba wako Hamisi. Alipakiwa juu yake siku niliyokipulizia mimi, dereva akaondoa, pikipiki ikaenda na mjomba wako akabaki.

La gari la harusi unalikumbuka nusu, ulikuwa darasa la pili. Ilikuwa Ijumaa, baba yako amekwenda kuswali, nikabaki peke yangu na gari dogo jeupe la kumpeleka bibi harusi ukweni Bagamoyo. Nilitaka watu wa mjini wajue kwamba Kerege kuna mwanamke anayejua kazi. Nikapuliza, nikafuta. Nikapuliza tena, nikafuta. Safari ya tatu nilipuliza kwa majivuno tu. Ukitazama mlango unajiona mpaka meno. Wakaja wanawake wa harusi na maua ya plastiki, mariboni na selotepu.

"Mbona hazishiki?" aliuliza somo, kungwi wa bibi harusi.

"Bonyezeni tu," nikamwambia. "Zitashika."

Zilishika mpaka Zinga. Hapo upepo ukaanza kuvuna. Wewe ulikuwa kwenye gari la nyuma na watoto wenzako, ukarudi jioni umejizungushia riboni shingoni, unasimulia kwa furaha kwamba harusi ya safari hii watu walikuwa wanatupiwa maua njia nzima. Nyuma yako akaingia somo mwenyewe, kanga ameifunga kiunoni.

"Mama Saumu! Gari letu limeingia ukweni uchi! Wamesema tumekodi teksi!"

Nilitamani ardhi inimeze. Baba yako alipindua ndoo akakaa juu yake, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kazi. "Waksi haichagui, mke wangu," alisema. "Inakataa maji, inakataa vumbi. Ulidhani maua itayaonea haya?"

Nimelikumbuka neno lile sana tangu azikwe. Watu wanakuja, wananishika mikono, wanasema maneno mazuri, wengine wanalia wao. Nayasikia yote na hakuna linaloshika. Hata yule somo alikuja, safari hii kwa upole, akanikumbatia muda mrefu, na mimi nilikuwa nawaza kama kuna mtu ametoa birika jikoni.

Kosa ambalo hatukulicheka ni la kutu. Tulikuwa na mteja wa siku nyingi mwenye kijigari cha kubebea samaki. Barafu ikiyeyuka, maji yale ya chumvi yalikuwa yakichuruzika sakafuni na kujificha chini ya mikeka. Nikaiona kutu chini ya mlango, pana kama kiganja. Baba yako angemwambia pale pale. Mimi nilimwona anajisifu kwa mwenzake kwamba gari lake ni zee lakini halijachoka, nikaona haya kumvunja. Nikapuliza waksi juu ya kutu, ikawa nyeusi, ikang'aa vizuri tu. La kuvunda halina ubani, lakini kwa siku chache hunukia. Baadaye sakafu ilimkatikia mguuni akiwa anaendesha. Hakuumia, alhamdulillahi. Alikuja kuniuliza, si kwa ukali: "Mama Saumu, wewe ndiye ulikuwa unalifuta kila wiki. Hukuona?" Nikasema sikuona. Hakurudi tena kwetu, na nikikutana naye sokoni ananisalimu vizuri kabisa, jambo ambalo ni baya zaidi. Ukiona kutu, sema siku ile ile, hata kama mwenye gari anacheka.

Usije ukayageuza haya kuwa mafumbo, Saumu. Nakujua. Nakwambia kutu maana nina maana ya kutu.

Na wewe mwenyewe ni kosa langu jingine. Ulipomaliza shule ukasema unataka kukaa bandani na baba yako, nilikaa wiki nzima nimenuna. Nilisema binti hashiki mpira wa maji barabarani watu wakimtazama. Nilisema nani atakuja kukuposa ukiwa na magoti yaliyolowa. Baba yako alinijibu neno moja tu, kwamba mikono yako haina haraka. Sikulitilia maanani. Mpaka siku moja nilileta chakula nikakuta una gari jeusi, ambalo ndilo gumu, maana halifichi kitu. Ulikuwa umelisogeza kivulini ukaliacha lipoe, ukaligusa kwa mgongo wa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Waksi uliipuliza kwenye kitambaa, siyo kwenye bati. Ukafuta kidogo kidogo, ukachukua kitambaa cha pili kikavu ukamalizia. Baba yako amesimama mbali, amefunga mikono nyuma, anakutazama. Mimi nilikuwa na miaka mingi katika kazi ile na sijawahi kuifanya vile. Nikaweka sufuria chini nikarudi nyumbani bila kusema kitu. Nilipaswa kusema. Nasema sasa: ulikuwa sahihi, na mimi nilikosea, na ulipoitwa Arusha nilijivunia wewe.

Sasa nakuja kwenye gari la baba yako.

Jumamosi ile ulikuwa umelala Bagamoyo kwa shangazi. Baba yako hakwenda bandani mapema, alisema leo anaosha lake. Unajua alivyokuwa. Gari la mteja alianza popote, lakini lake alianza upande wa dereva kila siku, akaumaliza wote, ndipo azunguke kushoto ninakokaa mimi. Miaka yote nilimtania kwamba ni mchoyo. Asubuhi ile nilikuwa kibarazani nachambua mchele, nikamwambia tena.

"Upande wangu wa mwisho mpaka kiama, eeh?"

"Upande wako naunywea chai kwanza," alisema. "Unataka nguvu zake. Umekaliwa na mtu mzito."

Nikamrushia chuya za mchele. Akaiweka chupa ya waksi chini karibu na bampa, kitambaa akakitupia begani, akaja akakaa. Nikageuka kummiminia. Nilipomgeukia na kikombe alikuwa ameegemea nguzo na kichwa kimeinama. Nilidhani anatazama ndala zake. Nikamwambia chai hiyo. Nikamwambia tena. Kisha nikaweka kikombe chini taratibu, kisimwagike, ndipo nikamgusa. Hiyo ya kuweka kikombe taratibu nimeifikiria kuliko mengine yote, na sijui maana yake.

Hayo sijamsimulia mtu. Uliporudi nyumba ilikuwa imeshajaa, wanaume wameshachukua mambo yao na mimi nimeshakalishwa chumbani. Alizikwa siku ile ile. Gari likabaki uani pale pale na hakuna aliyelitazama.

Siku ya tatu, siku ya hitima, nilitoka baada ya Alfajiri kwenda kumwaga maji. Umande ulikuwa mwingi. Upande wa dereva umande ulikuwa umesimama matone matone, ya mviringo, kila moja peke yake, ndivyo maji yanavyokaa juu ya waksi. Upande wangu yalikuwa yamelala tu, yameenea. Kwenye paa kulikuwa na mpaka, pale mkono wake ulipokomea. Wewe unajua kwamba likiwa kavu gari lililooshwa huwezi kuona waksi ya mtu imefika wapi. Ukiweka maji unaona. Na mimi ni mtu wa kazi hii, nilitambua mara moja kwamba pale mtu ameacha kazi katikati.

Ningefurahi kukwambia kwamba nilifanya kwa mapenzi. Au kwamba nilimsikia akiniita, kama wanavyosimulia wanawake wengine. Sikusikia kitu. Niliona kazi nusu, chupa ipo, kitambaa kipo kwenye kamba, kuna mtu aliyekitoa begani mwake akakianika. Nikakausha upande wangu, nikapuliza kwenye kitambaa, nikafuta. Mlango wa mbele, mlango wa nyuma, nusu ya boneti, nusu ya paa kadiri nilivyofikia. Mkono ulikuwa unajua wenyewe. Kichwani mlikuwa kimya.

Upande wake sikuugusa, Saumu. Sikuugusa hata kwa ncha ya kanga.

Ndipo ulipotoka ukanikuta. Ulipiga ukelele, "Mama, umemfuta baba!" ukaninyang'anya kitambaa. Hukuuliza ni upande gani, na sikulaumu, nani angeuliza? Shangazi yako naye akatoka, akanisogelea, akanusa.

"Wifi, unanukia ndizi!"

Maana chupa ile ndiyo ile yetu yenye harufu ya ndizi mbivu. "Mwenye eda hanukii," akasema. "Watu watasema nini? Mume hata hajakauka udongo!" Walisema, tena sana. Wengine walisema naliandaa kwa mnunuzi. Shangazi hakuridhika mpaka akamleta ustadhi, akazungumza nami nyuma ya pazia. Ustadhi alinisikiliza, akasema mwenye eda aache vya kunukia, na kama kazi ina ulazima, basi nitafute waksi isiyonukia. Nikasema naam. Katika siku zote zile hayo ndiyo mazungumzo pekee yaliyoniingia, kwa sababu yalikuwa na jibu.

Hapo ndipo kosa langu la mwisho lilipo, na hili ni juu yako. Uliponinyang'anya kile kitambaa ningeweza kusema maneno mawili tu: "Upande wangu." Ungeelewa. Nilikuachia kitambaa nikaingia ndani nikakaa juu ya mkeka. Nilikuacha uamini kwamba alama za mikono ya baba yako nimezifuta mimi, na umeishi na hilo hadi leo, ukila na mimi, ukinipikia, ukinifulia nguo zangu nyeupe. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Sikuwa nimekasirika. Niliona tu kama jambo lile ni la watu wengine, nyumba ya pili.

Ulipong'olewa jino Bagamoyo, ukiwa mdogo, ulirudi umekufa ganzi shavu zima. Ulikuwa unajifinya unaniambia, mama, hapa nipo lakini sipo. Tulicheka. Ndivyo nilivyo. Najifinya kila siku. Nimenusa shati lake, nimekaa mahali alipokaa, nimeimeza chai kwa kikombe kile kile. Kila nikijaribu nakuta ni shati, ni mahali, ni chai.

Na juzi mvua iliponyesha nilichungulia gari. Maji yamelala pande zote mbili, sawasawa. Waksi yake imekwisha, kama alivyosema mwenyewe kwamba haidumu, na ya kwangu nayo imekwisha. Nilisimama pale makusudi. Nilijiambia, sasa, hapa ndipo itakapokuja. Nilisubiri mpaka miguu ikapata baridi. Kisha nikarudi ndani nikakunja nguo.

Kwa hiyo hilo la pili, la kuniona nalia, siwezi kukupa leo, wala kesho kabla hujaondoka. Naweza kujilazimisha. Ninajua namna, niliwaona wengi matangani wakijilazimisha na wengine walifanya vizuri sana. Lakini nimeshawahi kumwambia mtu sikuona wakati niliona, na sitaki kukulilia wakati silii.

Nikwambie na hili. Nilipotoka kwetu kuja kuolewa, marehemu bibi yako alilia mpaka akakaa chini mbele ya gari. Ikabidi wajomba wamnyanyue. Nilifika Kerege nikijiona na hatia kama niliyemwua mama yangu, na mwaka mzima kila nilipocheka na baba yako nilijiona mwizi. Hakukusudia, alinipenda tu. Wewe angalau mzigo huo hutaubeba, kwa hiyo hata ukame huu una faida yake.

Kesho mjomba Hamisi atakupeleka Msata kwa gari lile lile, ukapande basi. Najua utataka kuamka mapema uliangalie rangi, ulipulizie, ulipe heshima zake. Usifanye hivyo. Lala. Barabara ina matope na litachafuka kabla hamjafika Kiromo. Na banda usiliwazie, eda ikiisha nitalifungua mwenyewe, mikono ninayo.

Utanikuta kwenye kibaraza. Nitakushika kichwa nikusomee dua, na huenda nikakuuliza tena habari za madira. Ukiniona namna hiyo usisimame mlangoni kunitafuta machoni, Saumu, basi litakuacha. Panda gari. Mtu yupo nyumbani, ila amechelewa.

Sisemi kwamba sitalia. Nadhani nitalia, siku ambayo hakuna mtu anayesubiri, pengine nikiwa nasuuza ndoo. Siku hiyo nitakupigia simu. Sitasema neno, utasikiliza mwenyewe. Hata kama uko chini ya gari la mtu, pokea.

Mama yako